Chakula Kishibishacho na Chakula Kijengacho Mwili

Katika somo la mwezi huu nataka tutazame jambo ambalo waalimu wa sharika hukutana nalo nyumbani kwa watu, nao mara nyingi hawana la kujibu. Mwalimu huingia nyumbani, akamkuta mtoto wa miaka miwili, miguu imevimba, uso umejaa, nywele zimegeuka rangi kuwa nyekundu-nyekundu na nyepesi, naye amenyamaza wala hataki kucheza na wenziwe. Mama yake husema, "Mwalimu, mtoto huyu anakula. Ugali hapa kwetu haukosekani." Naye mama asema kweli. Ugali haukosekani. Basi ugonjwa huu watoka wapi?

Hapo ndipo maneno mengi huanza, na mengine ni ya kubomoa nyumba, nami nitayarudia baadaye. Kwanza tujifunze habari ya chakula chenyewe.

Shibe na lishe ni mambo mawili. Muhogo, mahindi, ndizi na mchele hutia mwili nguvu, kama kuni zitiavyo moto jikoni. Lakini mwili una kazi ya pili, nayo ni kujenga: nyama ya mwili, damu, ngozi, nywele, hata vile vitu vya ndani vipiganavyo na magonjwa. Kazi hiyo yahitaji kitu kiitwacho protini. Mtu mzima hujenga ili kurudishia kilichochakaa tu; mtoto hujenga pia kitu kipya kila siku, kwa kuwa anakua. Ndiyo maana chakula kile kile kimwachacho baba katika afya chaweza kumharibu mtoto wake.

Tena protini si kitu kimoja. Imeundwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, navyo ni aina 20. Mfano wake ni herufi za risasi ambazo wapiga chapa wa zamani walizipanga moja moja kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa. Fikirini mpiga chapa aliye na herufi "a" elfu kumi, lakini herufi "k" amebakiwa nazo ishirini tu. Kazi yake itasimama pale "k" zitakapokwisha, na zile "a" zote zilizobaki katika kisanduku hazitamfaa neno. Ndivyo ulivyo mwili. Asidi amino nyingine mwili waweza kuzitengeneza wenyewe kutoka katika vitu vingine. Lakini ziko 9 ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza; hapana budi ziingie kwa kinywa. Ikipungua moja tu kati ya hizo 9, ujenzi wote hupungua kwa kadiri ya ile moja. Wala mwili hauna kabati ya kuwekea zile zilizozidi hata siku nyingine. Huzichoma kama kuni.

Jambo hili lilidhihirishwa mwaka 1914 huko Marekani na mabingwa wawili, Thomas Osborne na Lafayette Mendel. Waliwalisha panya chakula ambacho protini yake ilikuwa zeini tu, yaani ile protini iliyo nyingi katika punje ya mahindi. Panya wakakonda. Walipoongezewa asidi amino iitwayo triptofani, hawakukonda tena, lakini hawakukua. Walipoongezewa na ya pili, iitwayo lisini, ndipo wakakua. Chakula kilikuwa kingi tangu mwanzo. Zilikosekana herufi mbili.

Sasa twende sokoni Mwanga, tupime kwa hesabu. Katika unga wa muhogo gramu 100, protini ni gramu 1 au 2 tu. Katika unga wa mahindi, gramu 8 au 9. Katika maharage makavu, kama gramu 22. Katika dagaa wakavu, kama gramu 60. Mtu mzima mwenye kilo 60 ahitaji protini kama gramu 50 kwa siku. Kama angeitafuta katika muhogo peke yake, ingempasa ale unga mkavu zaidi ya kilo 3 kwa siku moja, na mwenye kuusonga ugali huo simwoni. Katika dagaa wakavu, gramu 50 hizo zapatikana katika konzi chache.

Nilimwuliza bibi mmoja auzaye dagaa, "Bibi, na nyumbani mnawapika hawa?" Akacheka, akasema, "Baba Mchungaji, hawa wazuri ni wa kwenda Dar es Salaam. Sisi twala wale waliovunjika." Nikamwambia hakupunjwa, maana dagaa aliyekatika kichwa ana protini sawasawa na ndugu yake aliye mzima, uzuri wa macho haumo katika hesabu hii. Yeye ahuzunikiwaye ni mtu wa ufukoni auzaye wote, wazima na waliovunjika, akarudi nyumbani na unga wa muhogo na soda za watoto.

Hesabu ya wingi peke yake haitoshi, kwa sababu ya zile herufi. Mwaka 1991 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya yalitoa kipimo kimoja cha ubora: hutazamwa asidi amino iliyopungua kuliko zote katika chakula, tena hutazamwa ni kiasi gani cha protini hiyo kinayeyushwa tumboni. Maziwa na mayai hupata 1 kamili. Ngano isiyokobolewa hupata kama 0.4. Mwaka 2013 shirika la chakula lilishauri kipimo kingine kilicho kizuri zaidi, kipimacho kila asidi amino peke yake jinsi inavyofyonzwa mpaka mwisho wa utumbo mwembamba. Samaki, nyama, maziwa na mayai hukaa juu katika vipimo vyote viwili. Nafaka hukaa chini. Jamii ya kunde hukaa katikati.

Lakini sikilizeni neno hili, nalo ndilo nilipendalo kuliko yote katika somo hili. Vyakula viwili vilivyopungukiwa vyaweza kukamilishana, kama kila kimoja kimepungukiwa na kitu tofauti. Kila gramu moja ya protini ya mahindi ina lisini kama miligramu 27, na mtu mzima ahitaji 45. Maharage yana zaidi ya 60; yenyewe hupungukiwa na asidi amino nyingine iitwayo methionini, ambayo mahindi yanayo ya kutosha. Chukua basi mahindi sehemu 7 na maharage sehemu 3 kwa uzito. Gramu 70 za mahindi huleta protini kama gramu 6. Gramu 30 za maharage huleta karibu kiasi kicho hicho. Ukichanganya nusu kwa nusu namna hii, lisini yafika miligramu 45 au kupita kidogo. Mabingwa wa Guatemala katika Amerika ya Kati, walao mahindi na maharage kama sisi, walipima michanganyiko mingi, wakaona kwamba ule wa 7 kwa 3 ndio uliokuza vema kuliko mahindi peke yake au maharage peke yake.

Huo ndio mchanganyiko wa makande. Vijana hudharau makande kuwa ni chakula cha shule za bweni, nao wakipata fedha kwanza huyaacha. Basi na wajue kwamba katika chungu kile mahindi na maharage hulipana madeni. Ndizi kwa maharage, kama wapikavyo watu wengi wa Kasulu na Kibondo, nayo ni njema, walakini ndizi haina protini nyingi ya kuchangia, kwa hiyo maharage yazidi.

Mahindi yenyewe pia yameboreshwa. Mwaka 1964 katika Chuo cha Purdue, Marekani, iligunduliwa mbegu yenye lisini na triptofani nyingi, na baadaye Surinder Vasal na Evangelina Villegas waliitengeneza huko Mexico hata ikawa yafaa shambani. Wakapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2000. Hapa Tanzania mbegu za namna hiyo zilitoka Arusha kwa jina la Lishe. Mkulima akizipata, vema. Asiyezipata, chungu cha makande kipo.

Muhogo una neno jingine la kuangalia. Muhogo mchungu una sumu, nayo huondolewa kwa kuloweka siku kadhaa, kuanika na kusaga. Wazee wetu waliyajua hayo bila kitabu. Lakini wakati wa njaa, au mfanyabiashara anapotaka unga upesi, siku za kuloweka hupunguzwa. Sumu kidogo iliyobaki mwili waweza kuishinda, ila kwa gharama: hutumia asidi amino zenye salfa, na methionini ni mojawapo. Basi mwenye kula muhogo usiolowekwa vema, bila samaki wala nyama, ametozwa kodi mara mbili. Alipewa protini kidogo, na hiyo kidogo yachukuliwa kwa kuzima sumu. Kutoka hapo huja ugonjwa uitwao konzo, upoozao miguu ghafula wala hauponi. Jina hilo ni la Kiyaka. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 katika nchi ya Kwango, Kongo, na hapa Tanzania umeonekana katika mkoa wa Mara miaka ya 1980 na pengine baadaye. Sisi wa ziwani dagaa wametukinga na mengi, ingawa hatukujua kwamba tunakingwa.

Sasa tuingie katika sehemu ya pili, nayo ni hii: si yote yaliyomo chunguni yaingiayo mwilini. Mahindi na maharage yana madini ya chuma na zinki, lakini yamo pamoja na kitu kiitwacho fitati, kiyashikacho madini hayo hata yakapita tumboni na kutoka nje. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga yale maji, kuotesha nafaka, na kuchachusha uji, vyote hupunguza kifungo hicho. Majani ya chai nayo hukishika chuma. Yafaa chai inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula, wala si pamoja nacho. Kinyume chake, ndimu, pera au embe pamoja na mboga husaidia chuma kufyonzwa, na samaki kidogo katika sufuria husaidia hata kile chuma cha maharage. Na maharage yachemshwe sana hata yalainike kabisa, maana mabichi yana vitu vizuiavyo protini isiyeyushwe, tena mekundu yasiyoiva huumiza tumbo vibaya.

Kisamvu, ambacho ndugu zetu wa Burundi hukiita isombe, ni mboga yenye protini nyingi kuliko majani mengi, nayo ina lisini ya kutosha. Iliyopungua ni methionini. Ukitia dagaa, umeziba pengo. Ukitia mawese, umefanya jambo la tatu. Ile rangi nyekundu ya mawese ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ilindayo macho yasione giza jioni. Tena vitamini hiyo haifyonzwi pasipo mafuta. Majani yaliyochemshwa kwa maji na chumvi tu hutoa kidogo sana. Kwa hiyo kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa vema hata sumu yake itoke, kikatiwa mawese na dagaa, sijui mpishi wa hoteli awezaye kukitengeneza vizuri zaidi kwa mwili wa mtoto. Ila wako wachemshao mawese mpaka yawe meupe, ati ndiyo yaonekane mazuri. Hao wameimwaga karotini yote hewani.

Mfano mmoja kutoka mbali waonyesha jinsi desturi ya jikoni iwezavyo kuwa dawa. Mahindi yalitoka nchi ya Mexico, na huko wenyeji huyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Katika punje ya mahindi imo vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa, chokaa huifungua. Mahindi yaliposafirishwa kwenda Ulaya na Afrika, chokaa haikusafiri nayo, na walioyala peke yake walipatwa na pelagra, ugonjwa wa ngozi kuungua, kuhara na kuchanganyikiwa. Wala si habari ya zamani tu. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na ugonjwa huo, watu zaidi ya 18,000, baada ya karanga kukosekana katika posho yao. Mahindi waliendelea kupewa. Sisi tulio jirani na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, yafaa tulifahamu hilo, tusije tukamwona mgeni aombaye karanga au dagaa kuwa mchaguzi.

Nairudia sasa ile habari ya mtoto aliyevimba. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyefanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, aliandika habari za watoto wa namna hiyo, waliolishwa uji wa mahindi. Mwaka 1935 akautangaza ugonjwa kwa jina ambalo akina mama wa Kiga wa huko waliuita, kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake aliyezaliwa. Akina mama wale walikuwa wametazama vema. Mtoto akiachishwa ziwa mapema kwa ajili ya mimba mpya, amenyang'anywa protini iliyo bora, akapewa uji mweupe badala yake.

Kwetu Tanzania, mahali pengi watu husema kwamba mtoto huyo amebemendwa: ati mama au baba alitoka nje ya ndoa wakati mtoto ananyonya. Mume humshitaki mke, mama mkwe huongeza lake, na mara nyingine shauri huletwa mbele ya wazee wa usharika. Nasema wazi kwa waalimu wote: kuvimba kwa mtoto si ushahidi wa uzinzi, wala wazee wasiupokee kuwa ushahidi. Anayelifanya shauri hilo hukaa barazani siku tatu, na mtoto afa siku ya nne. Mtazameni mtoto kwanza. Bonyezeni kwa kidole gumba juu ya miguu yake yote miwili kwa sekunde 3. Shimo likibaki katika yote miwili, apelekwe zahanati siku iyo hiyo. Kadhalika mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu ni chini ya sentimeta 11.5. Wala jirani mwenye huruma asimlazimishe mtoto aliyevimba kula nyama na mayai mengi mara moja. Hospitalini huanza kwa maziwa maalumu yenye protini kidogo, kwa kuwa mwili wake umedhoofika, hauwezi kubeba mzigo mkubwa ghafula.

Yafaa niseme pia kwamba mabingwa wenyewe hawakukubaliana siku zote. Baada ya mwaka 1950 walisema tatizo la dunia ni protini, na miradi mingi ikaanzishwa. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba hilo lilikuwa kosa kubwa, maana watoto wengi walikosa chakula chote, si protini tu. Nao wenye njaa huichoma hata protini wanayopewa. Leo hujulikana kwamba maradhi ya kuhara, maji machafu, upungufu wa chakula na ubora wa protini hushikana mikono. Upimaji wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania watoto 30 kwa kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Wengi wao hawaonekani wagonjwa, nao hushiba kila siku.

Uji wenyewe una hila yake. Ukiwa mzito, mtoto hawezi kuumeza; ukiongezwa maji, tumbo lake dogo hujaa maji. Mwaka 1983 mabingwa wa Tanzania na Sweden walitangaza matumizi ya kimea, ambacho mama zetu hukitumia katika pombe. Nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, kijiko kimoja chake katika uji mzito huulainisha mara moja bila kuongeza maji. Hivyo mtoto hupata unga mwingi zaidi katika kikombe kile kile. Machipukizi ya mtama yaondolewe kabla ya kusaga, kwa kuwa yana sumu.

Na dagaa je, watakuwapo siku zote? Mwaka 2003 mabingwa waliandika katika jarida la Nature kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yamepata joto, na chakula cha samaki kutoka vilindini chapanda juu kwa uchache kuliko zamani. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi katika ziwa upande wetu tangu Mei 15 hata Agosti 15, ili samaki wazaliane. Wavuvi walinung'unika, nami nawaelewa. Lakini nyumba iliyokuwa na debe la dagaa wakavu na gunia la maharage haikubadili chakula cha watoto wake.

Basi kwa akina mama wanaoniuliza namna ya kufanya, naandika hapa. Nunua dagaa waliokaushwa juu ya chanja, si juu ya mchanga, hata kama ni ghali kidogo. Wale wa msimu wa mvua waliochelewa kukauka wanuse kwanza. Waoshe, uwakaushe tena juani au kikaangoni, uwatwange pamoja na mifupa yao, kwa kuwa mifupa ina chokaa ijengayo mifupa ya mtoto, kisha chekecha. Mtoto aliyetimiza miezi 6, naye aendelea kunyonya mpaka miaka 2, apewe kijiko kidogo cha unga huo katika uji au katika ndizi iliyopondwa, pamoja na tone la mawese, mara mbili kwa siku. Unga utiwe mwishoni, na uji uchemke kidogo pamoja nao. Weka uliobaki katika chupa yenye kifuniko, mahali pakavu pasipo jua, nao usizidi wa wiki mbili. Ukianza kutoa harufu ya mafuta yaliyochacha, umwage, utwange mwingine.